Figo Nililopewa na Mkwe Nisiyemtazama

Nilikuwa na kauli yangu moja, na watu wa Tukuyu mjini wanaijua: hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishtua mimi. Nilianza maisha na mikungu miwili ya ndizi kichwani, darasa la nne nikiwa nimeliacha nyuma. Enzi ya ruksa ilipoingia na biashara ikafunguliwa, wenye vyeti vyao wakabaki wanasubiri mishahara, mimi nikanunua lori la Fuso. Halafu la pili. Halafu mashine ya kusaga, halafu nyumba ya wageni yenye vyoo vya ndani, wakati mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nimeona Fuso langu likilala chali kwenye mlima Kitonga na mzigo mzima wa viazi, dereva akatoka bila mkwaruzo, na siku ile nilikula chakula changu cha mchana kama kawaida. Mtu wa namna hiyo utamshtua na nini?

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa kuwa mafigo yako yamekufa, na tangu siku hiyo usingizi haujaja. Mambo ya kitaalamu waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakueleza yaliyonipata, na ukinikuta natamba mahali usikasirike. Ndivyo nilivyo, na figo jipya halikunibadilisha tabia.

Ilianza wakati wa kipupwe, ukungu ukiwa umeshuka mpaka barazani. Viatu vikakataa kuingia. Nilidhani nanenepa, na mtu aliyekulia njaa akinenepa hujisifu, basi nikanunua vingine vikubwa zaidi. Asubuhi uso unaamka umevimba, macho yamekuwa mistari. Chakula kikawa na ladha ya sarafu mdomoni. Mke wangu, Mama Gwamaka, alinitazama siku moja nikifunga mkanda akasema, "Huo si unene, Baba Gwamaka. Ukibonyezwa panabaki shimo." Akanibonyeza mguuni. Pakabaki shimo.

Nikaenda hospitali ya misheni. Benchi lilijaa akina mama na watoto, na mimi nikapita moja kwa moja mpaka mlangoni, kwa sababu nimezoea kupita. Muuguzi akanizuia kwa kiganja. "Baba, mwisho wa benchi ni kule." Nikamwambia mimi ni nani. Akasema, "Nakufahamu. Ndizi zako tunazila hapa. Mwisho wa benchi ni kule." Nilikaa pale mpaka mchana. Wewe unayeanza safari hii, zoea benchi mapema. Utakalia mengi, na hakuna hata moja lenye mto.

Daktari alinieleza taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake gari lake limekufa injini. Mafigo yamekwisha. Yote mawili. Nikasema sawa, spea yake inauzwa wapi? Sikuwa natania. Maisha yangu yote kitu kikifa nanunua kingine. Yeye hakucheka. "Haiuzwi, baba. Anakupa ndugu yako, akiwa hai, na anabaki na moja. Na kazi hiyo kwetu haifanyiki, wanaifanya India."

Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari, sikuliwasha. Kwamba mtu anaweza kupasuliwa akiwa mzima, kikatolewa kiungo chake, kikashonwa kwa mwingine kikafanya kazi! Hilo lilinishtua kuliko habari ya kufa.

Tuliita kikao nyumbani. Mdogo wangu Lwitiko alisimama kabla sijamaliza kueleza. "Kaka, chukua la kwangu. Ukitaka, chukua yote mawili." Watu wakapiga makofi. Siku ya kwenda Mbeya kupima damu, Lwitiko alikuwa Tunduma, simu imezimwa, na mpaka leo tukikutana anazungumzia mvua. Mama Gwamaka ana kisukari, akakataliwa pale pale. Binti yangu alikuwa mjamzito. Gwamaka, mwanangu mkubwa, alipima, na damu yake ikagoma kuelewana na yangu. Alirudi kutoka maabara akalia mbele yangu. Kijana wa kilo tisini anayefungua gurudumu la Fuso peke yake.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutanielewa. Wanyakyusa tuna kutila. Mke wa mwanao hakutazami usoni, nawe humtazami. Hatamki jina lako. Hapiti ulipo, hali unapokula. Mjini wengi wameacha, na Walutheri wenzangu wengine wananicheka, lakini mama yangu alituachia desturi hiyo na mimi sikuitupa. Atuganile, mke wa Gwamaka, alikaa katika mji wangu miaka sita, akazaa wajukuu wawili, na uso wake nilikuwa siujui. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa malapa yake ya bluu, na kwa mapishi yake ya kande. Nikifika kona ya mwisho kabla ya nyumbani nilipiga honi mara mbili, apate muda wa kuingia migombani. Majirani walidhani ni majivuno. Ilikuwa heshima.

Basi jioni moja mvua inanyesha, Mama Gwamaka ananiambia, "Mkweo anasema naye apimwe."

"Mkwe yupi?"

"Una wakwe wangapi?"

Nikasema haiwezekani. Nitatembeaje na kiungo cha mtu nisiyeruhusiwa hata kumwona kisigino? Mke wangu akaendelea kukunja nguo. "Sawa. Utakufa ukiwa umemheshimu."

Atuganile alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, anasikia yote. Sauti yake ikaja kupitia dirishani. "Mama, mwambie baba sijatumwa na mtu."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Mama, mwambie yeye ndiye aliyenichukua kwa gari lake kwenda kujifungua usiku ule daraja lilipokatika. Akapanda nyuma kwenye mvua ili mimi nikae mbele na dereva."

"Mwambie ile ilikuwa kawaida."

"Wote mna masikio," Mama Gwamaka akasema. "Mimi nimechoka."

Akapimwa. Damu yake na yangu zikakubaliana kama zimetoka chungu kimoja. Daktari mwenyewe alishangaa, maana hatuna hata bibi wa pamoja.

Usidhani nyumba ilifurahi. Gwamaka alininunia, akamnunia na mkewe. Nilimsikia akimwambia uani, "Mimi nilikataliwa, sasa wewe umejiweka mbele yangu. Na kukitokea jambo, hawa watoto nitawaambia nini?" Yeye akamjibu, "Utawaambia babu yao yupo." Ilibidi niende Kisiba kwa baba yake, mzazi mwenzangu Lazaro, mkulima wa migomba na kahawa, mtu wa maneno machache kuliko wote ninaowafahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika jembe. "Mtoto ameniambia," akasema. "Ni mtu mzima, sitamkataza. Lakini nilikupa mtoto mzima. Mrudishe." Hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

Msimu wa kupanda viazi ulipofika nilikuwa siwezi kupanda ngazi tatu. Nikapelekwa Dar es Salaam kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapo nilishtuka tena. Unalala, unaona damu yako inatoka mkononi kwa mpira, inazunguka kwenye mashine kama dizeli kwenye chujio, inarudi. Wiki mara mbili. Jirani yangu wa kitanda, mwalimu mstaafu, alikuwa akinisomea gazeti kwa sauti kwa sababu macho yangu yalijaa ukungu. Wiki moja nikakuta kitanda chake kina mtu mwingine. Fuso la kwanza liliuzwa kwa ajili ya mashine ile, la pili likafuata kwa ajili ya India, na nyumba ya wageni nikaiweka rehani. Ngozi ilikuwa nyeusi na kavu kama ganda la kahawa, nawashwa mpaka najikuna na kitana. Nilipungua mpaka suruali za Gwamaka akiwa shuleni zikanitosha.

Tukaenda India watatu: mimi, Gwamaka, na Atuganile. Kwenye ndege alikaa mkiani, mimi mbele. Hospitalini alipewa wodi ya ghorofa ya juu. Vipimo vyote vikapita. Nikasema sasa bado kisu tu.

Kumbe bado kikao. Wenzetu wale wana sheria: kama mtoaji si wa damu yako, mnaitwa mbele ya watu watano wanaotaka kuhakikisha hajanunuliwa wala kutishwa, maana kuna matajiri wanaowalazimisha maskini. Gwamaka akatolewa nje, kwa kuwa ni mume wake na ni mwanangu. Mkalimani akawa mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akimuuguza mumewe pale, tunamwita Bi Zuhura, mcheshi, kila wodi inamjua.

Wakaniweka kiti kimoja. Atuganile akaingizwa. Aliponiona nimekaa pale, akafanya kile ambacho mkwe yeyote mwenye adabu angefanya kwetu. Akajifunika kitenge kichwa kizima, akageuka, akachuchumaa nyuma ya mlango.

Wale watu wakatazamana. Mwenyekiti wao, mama mwenye nywele za mvi, akauliza kitu. Bi Zuhura akatafsiri, "Mwanangu, wanauliza unamwogopa huyu mzee?"

Na sisi kutila ni hofu na heshima kwa pamoja, hatuzitenganishi. Akajibu kwa ukweli wake, "Ndiyo, namwogopa."

"Anaitwa nani?"

Akazidi kujifunika kitenge.

"Mwanangu, sema jina lake tu."

"Siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi."

Nami nilikuwa nimefanya nini muda wote huo? Nimegeuza uso, natazama ukuta, kama mkwe mwema. Yule mwenyekiti akafunga faili. Hakuna aliyenifokea. Tukatolewa nje, na Bi Zuhura akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mimi mtu wa pwani nasema nilichokiona. Huyu binti anakuogopa kama simba. Wamekataa. Wanasema umemleta kwa nguvu."

Nilijaribu kucheka. Mimi, mtu niliyepanga safari yote ile, nimeshindwa kwa sababu mkwe wangu ana adabu! Nikakaa sakafuni kwenye korido ya watu, suti na kila kitu. Gwamaka aliwaeleza kwa Kiingereza chake, wakamsikiliza, wakasema hayo ni maneno ya mume. Siku zilizofuata nilirudishwa kwenye mashine. Mapafu yakaanza kujaa maji, nikawa nalala nimekaa. Daktari mpasuaji, mtu mpole, alikuja akaniinamia, akanipapasa bega, akaondoka. Nikamwambia Gwamaka atafute tiketi turudi. Kama ni kufa, nifie kwetu Rungwe kwenye baridi yangu.

Atuganile ndiye aliyekataa. Alimtuma Bi Zuhura kuomba kikao kingine, akasema maneno yake mwenyewe, kwamba atajibu kila swali. Wakakubali, ila kwa mara hiyo moja tu.

Safari ile nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Nikasikia malapa yanaingia. Nikageukia ukuta, mazoea ni mazoea. Malapa yakaja mpaka mbele yangu yakasimama.

"Tata, nitazame."

Tata ni baba kwa Kinyakyusa. Hakuwahi kunisemesha ana kwa ana tangu aolewe. Nikabana macho.

"Tata, ukitazama ukuta watasema tena nimeletwa. Mimi nikitila hapa, wewe utakufa. Nitazame."

Nikageuka. Alikuwa ameshusha kitenge mabegani, kichwa wazi. Ana uso wa duara, pengo kwenye meno ya juu, na kovu dogo kwenye nyusi. Nilikuwa nimejitengenezea uso mwingine kabisa akilini miaka sita. Mbele yangu alisimama mtu nisiyemfahamu, na machozi yanamtiririka kwa aibu, lakini macho hayaondoi kwangu. Ni kama mtu amevuliwa nguo hadharani, na sijui ni yeye au ni mimi.

Akawageukia. "Huyu anaitwa Asangalwisye. Ni baba wa mume wangu. Kwetu jina lake sitakiwi kulitamka mpaka nife, nimelitamka. Uso wake sitakiwi kuutazama, nimeutazama. Hakuna mtu wa kunilazimisha mambo hayo. Andikeni kwamba nampa mwenyewe."

Bi Zuhura alichelewa kutafsiri, alikuwa anafuta macho. Yule mwenyekiti akauliza maswali mengi, kwa muda mrefu, na Atuganile akajibu yote akiwa amesimama. Mwisho mama yule akatoka nyuma ya meza akamshika mkono. Faili likafunguliwa.

Upasuaji wenyewe sina cha kusimulia, nililala. Nilipoamka, muuguzi alikuwa ananionyesha mfuko umening'inia kando ya kitanda. Mkojo. Miezi mingi nilikuwa sikojoi hata kijiko, na mfuko ule ulikuwa unajaa naona. Walisema figo lilianza kufanya kazi nikiwa bado mezani. Na jipya hawaliweki mgongoni, wanalipachika mbele, chini ya tumbo karibu na nyonga, yale ya zamani yanaachwa yalale. Ukiweka kiganja unalisikia, gumu kidogo, kama ngumi ya mtoto. Siku ya tatu chai ikawa na ladha ya chai. Nikamwita Gwamaka aionje, nikadhani wameweka kitu. Miguu yangu ikarudi na mifupa yake, na viatu vya zamani ningeweza kuvivaa kama nisingekuwa nimevigawa.

Yule daktari mpasuaji alipenda kuzungumza, kwa mdomo wa Gwamaka. Alituonyesha kuwa Atuganile hakupasuliwa ubavu mzima kama zamani. Walipitisha vyuma vyembamba kwenye matundu madogo na kamera, wakalitoa kwa mchano mfupi, na kabla ya wiki kwisha alikuwa anatembea korido. Akasema siku zinakuja watu watakubali kutoa viungo vyao wakishafariki, ajali moja ikaokoa watu watano. Akasema wapo wanaotafiti kukuza figo kwa chembe hai za mgonjwa mwenyewe. Nikamwuliza, na kwetu? Akasema madaktari wa kwetu wanakuja kujifunza, na mtoto wa mwanangu huenda akafanyiwa bila kupanda ndege. Nilimtazama nikidhani ananifariji. Siku hizi nikienda kliniki Dar naona vijana wetu wanavyoizungumzia kazi hii kama fundi anavyozungumzia injini anayoijua, na naamini. Wewe unayesoma huenda ukatibiwa kwa namna ambayo mimi nikisimuliwa nitakaa chini tena.

Dawa za kuzuia mwili usilikatae figo utameza maisha yako yote, asubuhi na jioni, usiruke hata dozi moja. Mimi niliwahi kutetemeka mikono wiki nzima, nywele zikaota mpaka masikioni, uso ukawa wa mviringo. Yalipungua. Vumilia.

Tulirudi masika yakiwa yamekolea, Rungwe yote majani. Atuganile akarudi jikoni kwake, mimi barazani kwangu. Tukaonana uani siku ya kwanza, wote tukasimama, hakuna aliyejua afanye nini. Akajifunika, akaingia migombani. Nilielewa. Ya kule yalikuwa ya kule.

Kisha asubuhi moja mzazi mwenzangu Lazaro akaja kwa miguu kutoka Kisiba, anaongoza ng'ombe jike kwa kamba, amevaa koti lake la kanisani limelowa. Nilijua amekuja kunidai. Nilimrudishia mtoto mwenye kovu, na nilikuwa nimejiandaa kusikia lolote. Akamfunga ng'ombe kwenye mparachichi, akavua kofia.

"Mzazi mwenzangu, mtoto wangu ameniambia alivyokufanyia kule," akasema. "Amekutazama usoni. Amekutaja jina mbele ya watu. Nimeleta ng'ombe. Tusamehe."

Mtu ametoa figo la mtoto wake, halafu ananiletea faini. Nilitaka kumwambia rudisha mnyama wako, una wazimu? Mama Gwamaka akanivuta shati kwa nyuma. "Pokea," akaninong'oneza. "Usipopokea, huyu binti atabaki na kosa lake maisha."

Nikapokea kamba. Nikasema yamekwisha, na kuanzia leo Atuganile anitazame, aniite, ale mezani kwangu. Lazaro akaitikia, "Ndaga fijo," asante sana, akainama. Akamwita binti yake kutoka migombani. Akaja taratibu bila kitenge kichwani, akakaa kwenye ukingo wa baraza, akanisalimu. Tukakaa tunamtazama ng'ombe.

Juma lililofuata nilikwenda mnadani, nikachagua mtamba mwenye mimba, bora kuliko wote waliokuwepo, nikampeleka Kisiba mwenyewe kwa miguu, kwa kuwa gari sikuwa nalo tena. Nilitaka Lazaro ajue nami nina miguu, na ndani yangu kuna nguvu ya mtoto wake. Safari hii alinikaribisha ndani.

Watu wananiuliza figo ni bei gani. Figo halikuuzwa. Lakini mashine, ndege, hospitali, vyumba vya kupanga, dawa za mwaka wa kwanza, na mtamba yule wa mnadani, vyote kwa pamoja vilinigharimu shilingi milioni ishirini na nane, laki sita na elfu arobaini na tatu, na mia tano.